Mdundo Unapofika kwa Mageni

Mwalimu Martina alikuwa akiandika ubaoni alipousikia mlio wa fimbo, akatupa macho dirishani na hasira zikampanda papo hapo. Pale uwanjani Mwalimu Mkuu Edson alikuwa anamchapa Mageni viganjani mbele ya kwaya nzima. Mageni, kitoto cha kike cha darasa la pili chenye miguu myembamba kama mipini ya majembe, alisimama amenyoosha mikono, halii, haombi msamaha, na huko kutolia ndiko kulikomzidishia mzee yule ghadhabu. Na kosa lenyewe? Kwaya iliamriwa inyamaze, yeye akaendelea kuimba.

Shule ilikuwa imepata darasa jipya, na wiki iliyofuata angekuja mgeni rasmi kukata utepe. Tangu habari hiyo ifike, kusoma kuliwekwa kando, hesabu zikawekwa kando, na watoto wakawa wanaanikwa juani kutwa nzima wakiimba wimbo mmoja uleule wa kumsifu mtu ambaye hata jina lake hawakuweza kulitamka. Mwalimu Mkuu alitaka safu zinyooke, mikono ishuke pamoja, vinywa vifungwe pamoja. Alikuwa akipita nyuma ya safu akikagua kola na soksi, na akisema "basi", kwaya yote inakata. Kwaya yote, ila Mageni. Yeye aliwekwa safu ya mbele kwa sababu ya ufupi wake, uso umeelekea viti vitupu vya wageni, na wenzake wakishanyamaza aliendelea peke yake kwa sauti nzito isiyo na maneno ya kueleweka, hadi wote wakaangua kicheko. Mara ya kwanza alionywa. Mara ya pili alivutwa sikio. Mara ya tatu ndiyo hiyo Martina aliyoiona dirishani.

Mbele ya watoto Martina hakusema kitu, maana mwalimu hambishii mkuu wake wanafunzi wakitazama. Ofisini hakujizuia. Alimwuliza Edson tangu lini kuimba kukawa kosa la viboko. Edson alikaa vizuri kwenye kiti chake, akafuta jasho, akamjibu kwamba kile si kuimba bali ni kiburi, na kwamba kiburi hicho amekilea yeye mwenyewe Martina kwa makopo yake yale.

Makopo yale yalikuwa ya kila aina: ya maziwa ya unga, ya rangi, na ndoo zilizotoboka. Senta ile ya machimbo, mwendo mfupi kutoka Geita mjini, imezungukwa na makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na zinaanza kunguruma kabla jogoo hajawika. Watoto wanakua wakipiga kelele ili wasikike. Martina alipohamia pale akitokea Mhunze alidhani wanafunzi wake wanagombana, kumbe walikuwa wanasalimiana. Darasani kila mmoja alisema na hakuna aliyemsikiliza mwenzake, na darasa lenyewe lilikuwa limejaa hadi madirishani.

Basi akawa anawatoa nje, chini ya kibanda cha jiko la shule, anawaketisha duara na kuwaambia wafumbe macho, wanyamaze, kisha kila mmoja aseme amesikia nini. Siku za mwanzo walisikia karasha tu. Baadaye mmoja akasikia kuku. Mwingine akasikia mwiko wa mpishi ukikwangua sufuria, na Ngusa, mtoto wa wafugaji, akasema anasikia pumzi ya jirani yake. Martina nusura atoe machozi siku hiyo. Kutoka hapo walianza kuyajibu yale waliyoyasikia, kwa midomo, kwa mapaja, kwa makopo waliyoyaleta kutoka nyumbani. Mmoja anaanzisha mdundo, jirani yake anaupokea, anaupiga ulivyo, kisha anaongeza chake anachotaka na kumpelekea anayefuata. Hakuna aliyeambiwa aongeze nini, na hakuna aliyechekwa. Bhoke, ambaye mama yake anauza chapati, alileta mlio wa unga unavyopigwa mezani, na darasa zima likaucheza hadi kengele ikagonga. Ule ulikuwa muziki, tena muziki wa kusikilizana, na Edson aliuita fujo.

Katika mchezo huo Mageni alikuwa moto wa kuotea mbali. Macho yakiwa wazi, aliikodolea mikono ya jirani yake, nyayo zake tupu amezibandika chini, akaupokea mdundo na kuuzungusha hadi mpishi aliacha ugali ukaungua. Lakini wakiambiwa wafumbe macho, mdundo ulipofika kwa Mageni ulikatika. Karibu kila mara. Unakuja vizuri kutoka kwa Ngusa, unafika kwake, kimya. Na akiendelea kuupokea hata wakati wa kufumba macho, wenzake walimshtaki kwamba anachungulia, na Martina mwenyewe alimkanya kwa utani tu, asichungulie.

Sasa, pale ofisini, huku Edson akizidi kubwata juu ya nidhamu, Martina aliacha kumsikiliza. Aliiona tena kwaya uwanjani, mwalimu akiwa nyuma, mtoto akiwa mbele na kuelekea viti vitupu. Hakuna mdomo wa kutazama. Hakuna mikono ya kutazama. Aliinuka katikati ya sentensi ya mkuu wake na kutoka.

Alimkuta Mageni kibandani kwa mpishi, amechuchumaa, anachora ng'ombe mavumbini kwa kidole. Martina alisimama nyuma yake akamwita kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti kubwa. Akapiga makofi. Mwishowe akachukua mifuniko miwili ya masufuria akaigonganisha hewani karibu kabisa na kisogo cha mtoto. Mpishi aliruka akamwaga maji, akauliza kama mwalimu amerukwa na akili. Mageni aliendelea kuchora pembe za ng'ombe wake. Martina aliirudisha mifuniko jikoni kwa hasira. Mtoto amekaa shuleni karibu miaka miwili, amepita mikononi mwa watu waliosomea kazi, na wote wameona kiburi.

Aliporudi ofisini baada ya kipindi chake alikuta mambo yamekwisha kuharibika. Edson alikuwa amempigia simu baba wa mtoto, Masele, mwenye karasha moja upande wa bondeni, naye alikuja mbio, akasimama kofia mkononi, akaomba radhi na kuondoka. Waliafikiana kwamba shule imemshinda yule binti. Jumamosi angepanda gari kwenda Samuye kwa bibi yake, akasaidie kuchunga mbuzi na kuteka maji, na huko ndiko angekaa. Edson alimsimulia Martina haya kwa furaha, maana sasa safu ya mbele ingenyooka.

Martina akamwambia kwamba mtoto hasikii. Edson alicheka, cheko la mtu aliyetegewa swali jepesi.

"Asiyesikia anapigaje ngoma kuwashinda wote?" alisema. "Wewe mwenyewe umekuwa ukinijazia ofisi hii kwa sifa zake. Chagua moja, Mwalimu. Ama ni bingwa wako, ama ni kiziwi."

Kilichomuuma Martina ni kwamba swali lilikuwa na maana. Senta nzima ilimwona Mageni akicheza na makopo. Nani angemwamini? Na Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Mtoto akishafika Samuye, akishakabidhiwa fimbo ya kuchungia, hakuna atakayemrudisha darasani. Watoto wa namna hiyo Martina alikua nao Mhunze, na wengine mpaka leo wanaitwa mabubu na hakuna aliyewahi kuwaangalia masikio.

Alasiri hiyo alishuka bondeni. Vumbi la mawe lilikuwa limetanda kila mahali, na kelele za makarasha zilimwingia hadi kwenye meno. Karasha la Masele lilikuwa la mwisho, na pembeni yake, karibu kiasi cha kuweza kuegemea mashine ukiwa kitandani, lilisimama turubai ambamo familia ilikuwa inalala. Ndivyo kazi ile ilivyo. Wachimbaji wanaacha viroba vyao vya mawe vikisubiri zamu ya kusagwa, na kiroba kikipotea mwenye karasha ndiye mwizi, kwa hiyo mwenye karasha hahami na familia yake haihami. Mageni alizaliwa juu ya viroba hivyo.

Mama yake, Serafina, alipiga goti, akamsalimia mwalimu kwa Kisukuma, "Mwadila," akamtolea ndoo akalie. Martina alimwendea Masele na kumwomba azime mashine. Ilibidi aombe kwa ishara, akigeuza mkono hewani. Masele alisita, maana kulikuwa na foleni ya mawe, lakini mwalimu ni mwalimu. Mashine ikazimika na vijana wa kazi wakakaa kivulini wakiwasha sigara.

Masele alianza kwa kuomba radhi tena. Alikuwa mtu mpole, amejaa vumbi hadi kwenye kope, na aibu ilimkaa usoni. Alisema hajui kiburi hicho kimetoka wapi, kwa sababu nyumbani Mageni ndiye mtoto mwenye heshima kuliko wote aliozaa. Wenzake ukiwakemea wanakujibu. Yeye hajibu. Anainamisha macho, anapiga goti, anapokea kwa mikono miwili. Bibi yake kule Samuye alikuwa anamtolea mfano kwa wajukuu wengine, kwamba tazameni binti wa Kisukuma aliyelelewa.

"Wengine ukiwaita wanaitikia huko huko waliko, nini, nini," Masele alisema. "Huyu hana hayo. Huyu hata umwite mara ngapi hapayuki. Mpaka uende umguse bega."

"Mpaka umguse bega," Martina alirudia.

"Ndiyo, Mwalimu. Ndivyo alivyo tangu mdogo."

Serafina akaongezea kwa fahari kwamba hata alipokuwa mchanga hakusumbua. Mashine ilikuwa inawashwa alfajiri, watu wazima wanakurupuka, yeye amelala zake. Walimshukuru Mungu kwa kuwapa mtoto mwenye usingizi mzuri.

Martina alitaka kupiga kelele. Alitaka kumshika huyu baba mpole na kumtikisa mpaka vumbi limtoke. Wazazi wanaompenda mtoto wao, wanaomsifu, na sifa zote walizompa zilikuwa dalili. Shuleni akichapwa kwa kiburi, nyumbani akisifiwa kwa adabu, na katikati ya watu wote hao hakutokea hata mmoja wa kujiuliza. Alijikaza, kwa sababu hasira isingemsaidia mtoto mbele ya baba yake.

"Baba Mageni," alisema, "mwanao hasikii."

Masele alimtazama, kisha akatabasamu kwa heshima, kama mtu anayemsamehe mgeni. Naye akasema lilelile la Edson. Mbona anapiga ngoma? Wachimbaji wanampa makopo, anawachezea, wanamshangilia. Kiziwi angewezaje?

Martina hakubishana. Alimwita Mageni kwa kumpungia mkono, wakakaa uso kwa uso juu ya ardhi ngumu, kila mmoja na ndoo tupu mbele yake. Martina akaanzisha mdundo mwepesi. Mageni aliitazama mikono yake kidogo tu, akaupokea, akauweka sawa, akauvunja vipande na kuurudisha ukiwa umebeba kitu kingine, mlio wa karasha linapowashwa, likikwama, likishika kasi. Vijana wa kazi walisahau sigara zao. Mmoja alianza kucheza mabega. Masele alimgeukia mwalimu akiwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi.

Ndipo Martina akamwomba Serafina amfunge binti macho kwa kanga. Mageni alikubali, akicheka, maana aliujua mchezo. Martina alinyanyuka na ndoo yake, akaenda kusimama nyuma ya mtoto, akaishika ndoo hewani kwa mkono mmoja isiguse chini wala kumgusa mtu, na kuanza kupiga mdundo uleule.

Mageni hakupokea. Alikaa na mikono yake juu ya ndoo, vidole vimetengana, tayari, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Martina akapiga kwa nguvu zaidi. Kule kivulini vijana walianza kutikisa vichwa kufuata mdundo. Mtoto alikuwa bado anatabasamu, anaingoja zamu yake, na zamu yake ilikuwa inapita juu ya kichwa chake.

Martina akaiteremsha ndoo taratibu akiendelea kupiga, hadi ikagusa mgongo wa mtoto. Mikono ya Mageni iliamka saa ileile. Aliupokea mdundo bila kukosea. Martina akaiondoa ndoo mgongoni, na baada ya muda mfupi mikono ile ikapotea njia, ikasimama.

Masele alipiga hatua moja mbele.

"Mageni," aliita.

Mtoto aligeuza uso upande wa pili, kule ambako upepo ulipuliza, akiendelea kungoja.

"Mageni. Ng'wana wane, mwanangu." Aliita tena kwa nguvu zote, sauti yake ya mtu wa karasha inayovuka bonde, na mbwa wakabweka kwenye maturubai ya jirani. Serafina alikuwa amejifunika mdomo kwa mikono miwili. Masele akainama, akamgusa mwanawe bega, na Mageni, bila kuiondoa kanga usoni, akapiga goti.

Masele alikaa chini kwenye vumbi. Akauliza jambo moja: yule mtoto, leo uwanjani, alichapwa kwa kosa gani hasa? Martina alimwambia bila kupunguza chochote. Masele akawaambia vijana kwamba leo mashine haiwashwi tena, na mwenye mawe yake akipenda aende kwa jirani. Ya Samuye yalikwisha hapo hapo. Asubuhi mama na baba wangempeleka mtoto hospitali, na turubai lingehamishiwa juu mlimani, mbali na kelele, atakayeiba viroba na aibe. Lakini kabla ya hospitali, Masele alisema, anataka kupitia shuleni.

Asubuhi kwaya ilikuwa imeshajipanga. Mwalimu Mkuu Edson alimwona Masele akija na binti yake na akadhani wamekuja kuaga. Akampokea vizuri, akaitikia shikamoo ya Serafina, akasema amefurahi kuona mzazi mwelewa. Martina alikuwa amesimama kando ya safu, hakujua yule mtu mpole atafanya nini.

Masele hakufanya fujo. Alimpeleka Mageni mbele ya kwaya, akamwelekeza awatazame wenzake, akarudi hadi aliposimama Edson, nyuma ya mgongo wa mtoto. Kofia ilikuwa mkononi mwake.

"Mwalimu," alisema, "naomba umwite mwanangu."

Edson alishangaa kidogo, akaita. Mageni alikuwa anamtabasamia Bhoke.

"Mwite tena."

Akaita tena, sauti imepanda. Kisha akamgeukia Masele, na Martina alipouona mdomo ule ukifunguka alijua kabisa utatoa nini.

"Unaona mwenyewe, mzee. Kiburi ndicho hicho nilichokwambia."

"Mwite tena, Mwalimu," Masele alisema, polepole, kwa heshima zote. "Usichoke. Mwite mpaka aitike."

Edson akaita. Alianza kuita kwa amri, akaita kwa hasira, akaita hadi mishipa ya shingo ikamtoka na walimu wengine wakachungulia milangoni. Na kadiri alivyoita ndivyo uwanja ulivyozidi kunyamaza, hadi jina lile likabaki peke yake, linakwenda na kurudi kwenye ukuta wa darasa jipya. Watoto wote wa kwaya walikuwa wanamtazama yeye. Hakuna aliyecheka. Mwisho sauti ilimpasuka, akaacha, na mkono uliokuwa umeshika fimbo ukashuka wenyewe. Martina aliona uso wake ukibadilika na hakumwonea huruma hata chembe.

Mageni aliona macho ya wenzake yanatazama nyuma yake. Akageuka. Akamwona Mwalimu Mkuu, mdomo wazi, fimbo mkononi. Hakuuliza kosa lake. Alipiga goti kama alivyofundishwa nyumbani, akanyoosha viganja vyote viwili, akasubiri kuchapwa.